Wapangaji wa Mita Moja

 

Leo nakupa kazi ndogo. Kama bando lipo, fungua kwenye simu yako tovuti ya Halmashauri ya Mji Mafinga. Itazame, uifunge, kisha ufungue ya Wilaya ya Kyela. Ukitoka Kyela pita Rungwe, ukitoka Rungwe nenda Kilolo. Kwa sehemu kubwa ya miaka ambayo tovuti hizi zimekuwepo, sura yake imekuwa moja. Juu kabisa kuna Wasiliana Nasi, Maswali ya Mara kwa Mara, Barua Pepe za Watumishi, Malalamiko. Chini yake Nembo ya Taifa na jina la halmashauri. Inafuata menyu: Mwanzo, Kuhusu Sisi, Utawala, Huduma Zetu, Miradi, Machapisho. Matangazo yanakaa upande mmoja, Habari Mpya zina nafasi yake, na mkurugenzi yupo pale na picha yake anakukaribisha. Kinachobadilika ni yaliyomo: Kyela mpunga na kakao, Rungwe chai, Mafinga mbao.

Utasema wameigana. Hawakuigana. Machi 2017, mjini Dodoma, zilizinduliwa kwa mkupuo mmoja tovuti za mikoa 26 na halmashauri 185. Kazi ile ilifanywa na TAMISEMI pamoja na Wakala ya Serikali Mtandao, eGA, kwa msaada wa mradi wa PS3 uliogharamiwa na Marekani kupitia USAID. Sasa fikiri mwenyewe: hakuna fundi anayekaa chini akajenga tovuti 211, moja baada ya nyingine, kila moja na mtindo wake. Kilitengenezwa kiunzi kimoja cha programu, kisha kila mkoa na kila halmashauri ikapewa nafasi yake, jina lake, na neno la siri la kuingilia. Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka mmoja tu kabla ya hapo, uliingia siku moja na Dar es Salaam, tena kwa hadhi ileile. Hilo peke yake ni jambo la kusifiwa.

Mada yangu jioni hii ni hiyo: watu wengi kukaa na tovuti zao ndani ya programu moja.

Ukiishi Mwanjelwa au Kihesa unaijua nyumba ya kupanga ya namna hii. Vyumba nane, familia nane, mita ya LUKU moja ukutani. Umeme ukiwepo, upo kwa wote. Mmoja akishinda na pasi na jiko la umeme mchana kutwa, uniti zinawaishia wote, na usiku kunazuka maneno. Tovuti zinazokaa katika programu moja zinaishi maisha hayohayo. Mimi nawaunga mkono wapangaji, nisije nikaeleweka vibaya. Kujenga peke yako kwa kiburi cha kumiliki halafu ukashindwa kulipia mwaka wa pili ni hasara kubwa kuliko kupanga. Ninayetaka tumzungumzie ni mwenye nyumba: ni nani, ana funguo zipi, na siku ukitaka kuhama utatoka na nini mkononi.

Kwanza tuelewane mashine inajuaje nani anatafutwa. Simu yako ya Ipogolo inapoita tovuti ya Manispaa ya Iringa, inaanza kwa kuuliza jina hilo liko kwenye namba gani, maana kila seva iliyoko kwenye intaneti ina namba. Majina mia yanaweza kuelekezwa kwenye namba moja, haina shida. Simu ikishafika kwenye seva, ndani ya ombi lake kuna mstari unaotaja jina la tovuti inayotakiwa. Programu inausoma mstari huo, inachukua habari, picha na rangi za mwenye jina hilo, inakutengenezea ukurasa. Mwenzako wa Uyole akiita jina jingine lililoko kwenye seva hiyohiyo, sekunde hiyohiyo, anapita mlango uleule na anapewa mambo mengine kabisa. Mstari huo wa jina haukuwepo tangu mwanzo wa wavuti. Zamani tovuti moja ilihitaji namba yake peke yake. Ulifanywa kuwa wa lazima katika kanuni mpya za mawasiliano ya wavuti za mwaka 1997, na tangu hapo seva moja ikaweza kuwapokea wengi bila kuwachanganya. Ni mstari mmoja wa maandishi, lakini bila huo gharama za tovuti zisingeshuka kama zilivyoshuka.

Programu maarufu kuliko zote kwa shughuli hii ni WordPress, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza. Mwanzoni ilikuwa ya mtu mmoja: unaiweka kwenye seva, unapata tovuti moja, basi. Fundi wa Ayalandi, Donncha Ó Caoimh, akatengeneza tawi lake la watu wengi, na Juni 2010, katika toleo la 3.0, tawi hilo likaunganishwa na mti wake. Kuanzia hapo chuo, kanisa, jumuiya au gazeti linaweza kuipakua bure, kuiweka mara moja tu, na kufungulia watu mia tovuti mia.

Namna inavyotunza mambo ndani yake inafaa uijue hata kama hutagusa seva maisha yako yote. Habari za tovuti ya pili zinaandikwa kwenye majedwali yenye namba 2, za tovuti ya tatu kwenye majedwali yenye namba 3, na kuendelea. Hazichanganyiki. Picha nazo zinawekwa kwenye mafolda ya namba hizohizo. Lakini jedwali la watumiaji, lile lenye majina na maneno ya siri ya watu wote wa tovuti zote, ni moja, na halina namba ya tovuti yoyote. Yaani vyumba vimegawanywa kwa ukuta, ila orodha ya wenye funguo ni moja.

Sasa nije kwetu, watu wa redio, maana na sisi ni wapangaji.

Kuna mtandao wa redio za jamii Tanzania unaoitwa TADIO. Wakongwe wanaukumbuka kwa jina la COMNETA. Mtandao huo una jukwaa moja mtandaoni, Radio Tadio, na ndani yake vituo vya mikoa mbalimbali vina kurasa zao za habari. Baraka FM ya hapa Mbeya imo, ile ya Kanisa la Moravian. Nuru FM ya Iringa imo. Katika anwani moja unakuta jina la jukwaa na jina la kituo yamekaa pamoja. Ukifungua habari unaona tarehe na saa, jina la kituo, kisha «Na fulani», kisha habari yenyewe. Tarehe nimeikuta mara nyingi kwa Kiingereza, mwezi na saa vyote, wakati habari nzima ni Kiswahili. Lugha ya tarehe huwa ni swichi ya kwenye mipangilio, na hainishangazi kwamba mwandishi aliyeko studio haigusi.

Hebu tumtazame huyo mwandishi, yule wa kujitolea anayejulikana katika kila redio ya jamii. Asubuhi amepanda Noah kwenda Isimani kufuatilia kisima kilichokauka. Amerekodi kwa simu: mwenyekiti wa kijiji, mama mmoja mwenye ndoo mbili, na mhandisi wa maji aliyepokea simu mara ya tatu alipopigiwa. Jioni anakata sauti kwenye kompyuta ya studio, habari inasomwa saa moja. Zamani ingeishia hapo. Sauti inapita hewani, aliyekuwa shambani hakuisikia, basi. Siku hizi, kabla hajaondoka, anaingia kwenye jukwaa, anaandika aya nne, anabandika picha ya ndoo, anaweka kipande cha sauti, anabonyeza kitufe cha kuchapisha. Mtu wa Isimani aliyeko Dar es Salaam anaisoma usiku huohuo. Mwandishi yule hajui seva iko nchi gani. Hajui nani aliyeiwekea programu viraka juzi wadukuzi walipogundua tundu jipya. Wala hana sababu ya kujua, kwa sababu yupo mtu mmoja anayefanya kazi hiyo kwa niaba ya vituo vyote. Kituo cha wilayani hakina uwezo wa kumwajiri mtu wa namna hiyo. Vituo ishirini vikichangia, vinaye.

Na usisahau umeme. Ukitaka kuweka seva yako mwenyewe ofisini, Soweto au Miyomboni, lazima iwake usiku na mchana, betri ya akiba iwe nzima, intaneti isikatike, na chumba kisiwe cha joto, ingawa hilo la mwisho Mungu ametusaidia sisi wa nyanda za juu. Siku TANESCO wakikata saa sita, tovuti yako nayo inalala saa sita. Redio ina jenereta kwa ajili ya mitambo. Sijaona meneja atakayekubali dizeli iungue kwa ajili ya ukurasa wa wavuti.

Kwa hiyo kupanga ni sawa. Tatizo linakuja kwenye funguo.

Katika programu ya watu wengi kuna ngazi. Mwandishi anaandika. Mhariri anahakiki na kuchapisha. Msimamizi wa tovuti moja anabadilisha menyu na kuongeza waandishi. Juu yao wote yupo msimamizi mkuu. Huyu ndiye anayeweza kuingiza plagini mpya, yaani programu ndogo za nyongeza, kufungua tovuti, na kuifuta. Anaona kila chumba. Msimamizi wa kituo chako, hata kama ni mhandisi wa kutoka chuo cha MUST mwenye ujuzi wa kutosha, hawezi kuingiza plagini yake bila ruhusa ya aliye juu. Watu hulalamika kwamba wamefungwa mikono. Nawaelewa, ila hapo nasimama upande wa mwenye nyumba: plagini mbovu ya mpangaji mmoja inaangusha wote. Ukitaka uhuru wa kufunga waya unavyopenda, jenga kwako.

Malalamiko ninayoyaona ya haki ni mengine. Studio nyingi zina akaunti moja tu ya kuingilia, na neno la siri limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya kompyuta, watangazaji wote wanalitumia, hata wa mafunzo kwa vitendo waliomaliza mwaka juzi. Ikichapishwa habari ya uongo, aliyeichapisha ni «Admini». Admini ni nani? Hakuna anayejua. Na kwa vile orodha ya watumiaji ni moja kwa jukwaa zima, mtu aliyeachishwa kazi kwa ugomvi, jina lake lisipoondolewa, bado anaingia akiwa nyumbani kwake. Programu ina dawa ya hilo tangu siku ya kwanza: kila mtu na akaunti yake, ngazi yake, na akiondoka afutwe. Hakuna senti inayolipwa. Ni uvivu wetu tu.

Halafu kuna siku uniti zinapoisha. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya tarehe 23 Agosti, majina ya walioitwa kwenye usaili wa makarani yalibandikwa kwenye tovuti za halmashauri. Vijana wa nchi nzima wakawa wanatafuta jina moja, kila mmoja la kwake, ndani ya siku chache zilezile. Mzigo wa namna hiyo ndio unaopima nyumba ya wapangaji wengi. Seva haijali ni nani aliyeleta umati. Ikielemewa, wote waliomo wanasubiri, pamoja na halmashauri ambayo siku hiyo haikuwa na tangazo lolote. Na orodha zenyewe jamani! Karatasi iliyoskaniwa ikiwa imelala ubavu, ya herufi ndogo, faili zito linalomaliza bando la kijana kabla hajafika herufi M. Nusu ya mzigo wa siku kama hizo tunajitwisha wenyewe. Orodha ileile ikiandikwa kama maandishi ya kawaida kwenye ukurasa inakuwa nyepesi mno, na kijana anaweza kuandika jina lake akalipata bila kushuka kurasa sitini.

Nirudi nyuma kidogo, kwa sababu upangaji huu haukuanza na serikali wala redio za jamii. Waandishi wa Kiswahili walikuwa wapangaji kabla. Ndesanjo Macha alipoanza kuandika blogu ya Jikomboe, na Issa Michuzi alipofungua ukurasa wake wa picha Septemba 2005, akiwa Helsinki, walikuwa wanaingia katika programu ya watu wengine. Michuzi alipanga Blogger, iliyoanzishwa 1999 na kununuliwa na Google 2003. Watu mamilioni, programu moja, kodi sifuri. Mikoani wakafuata: huku Mbeya kukawa na Mbeya Yetu, Iringa kukawa na Matukio Daima. Mwandishi wa mkoani aliyekuwa akituma habari Dar es Salaam na kuombea ipate nafasi ukurasa wa saba, akawa na mahali pa kuiweka mwenyewe, na picha kumi badala ya moja.

Tarehe 2 Septemba 2012, mwandishi Daudi Mwangosi wa Channel Ten, mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa Iringa, aliuawa akiwa kazini kijijini Nyololo, Mufindi, mikononi mwa polisi. Habari na picha za siku ile zilipita kwa wingi katika kurasa hizo za kupanga. Askari mmoja alihukumiwa miaka 15 jela mwaka 2016. Leo mwanafunzi wa uandishi wa habari Chuo Kikuu cha Iringa akitaka kujua siku ile iliandikwaje na watu waliokuwa karibu, sehemu ya kumbukumbu hiyo imo kwenye seva za kampuni ya California, na inaendelea kuwepo kwa hisani ya kampuni hiyo. Hakuna mkataba kati yake na Iringa. Ikiamua kesho kwamba biashara hii haina faida, itatoa notisi.

Nasema hivyo kwa sababu notisi hutolewa. GeoCities ilianza 1994, ikawapangisha mamilioni, Yahoo wakainunua 1999, na Oktoba 2009 wakaifunga. Typepad, iliyofunguliwa 2003, ilitangaza Agosti 2025 kwamba mwisho ni Septemba 30. Watu walioandika miaka ishirini walipewa wiki chache za kubeba vitu vyao. Waliokuwa wamekufa, nani awabebee?

Na mlango unaweza kufungwa na mwingine asiye mwenye nyumba. JamiiForums ni nyumba ya Watanzania wengi mno ndani ya programu moja. Juni 2018, baada ya kutoka Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilizodai leseni ya shilingi milioni moja, mbali na laki moja ya maombi, ilizimwa kwa muda. Septemba 2025 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, wakasimamisha leseni yake kwa siku 90. Mgogoro ulikuwa kati ya mdhibiti na mwenye leseni. Aliyekuwa anauliza bei ya mbegu ya viazi, au anayetafuta spea ya pawatila, hakuwa na kesi na mtu, lakini naye alikuta kufuli. Kanuni zile za 2018 zilitaka pia maudhui yaliyokatazwa yaondolewe ndani ya saa 12 baada ya mwenye jukwaa kuarifiwa. Jiweke mahali pa mwenye nyumba mwenye wapangaji mia: amepigiwa simu Ijumaa usiku kuhusu aya moja ya mpangaji mmoja aliyeko Chunya, na hampati hewani. Atafuta aya, au atafunga chumba kizima? Wengi watafunga chumba, watauliza Jumatatu. Ndiyo maana nasema makubaliano ya nani anaondoa nini, na mwenye habari anaarifiwa vipi, yaandikwe kabla ya simu hiyo kupigwa.

Kuna na suala la seva iko wapi. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora kwa siku kadhaa. Mkongo wetu wa Taifa ulikuwa mzima, unapita Iringa na Mbeya mpaka Tunduma na Kasumulu. Kilichokatika ni njia ya kwenda ng'ambo. Tovuti iliyoko kwenye seva ya ndani ya nchi ina nafasi ya kufikika siku kama ile. Iliyoko Ulaya, msomaji wa Tukuyu anaweza kuikosa hata kama iliandikwa Tukuyu. Kwa redio ambayo wasikilizaji wake wengi wako ndani ya wilaya tatu, sioni sababu ya habari kuvuka bahari mara mbili ili itoke Mbalizi ifike Mbalizi.

Katika suala la funguo, serikali ilifanya jambo la busara. Wakala wa 2017, eGA, leo ni Mamlaka, kwa Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, na kiunzi kile kilibaki mikononi mwake. Mfadhili aliondoka, USAID yenyewe ilifungwa Julai 2025. Tovuti ya Mbarali haikufungwa nayo. Ni miradi mingapi ya tovuti unayoikumbuka, ya asasi na vikundi, iliyokufa mwezi uleule fedha za mfadhili zilipoisha? Tofauti iko hapo tu: nani alibaki na ufunguo wa juu.

Ila programu nzuri haiandiki habari. Utakuta halmashauri ambayo habari yake mpya ina umri wa mwaka, na mkurugenzi anayekukaribisha kwa tabasamu alishahamishwa, yuko wilaya nyingine, nako picha ya aliyemtangulia haijatolewa. Afisa habari yupo, lakini ndiye mpiga picha wa kila ziara, mwandishi wa hotuba, na msimamizi wa kundi la WhatsApp la waandishi. Akirudi ofisini saa kumi na mbili jioni anapandisha ya Mkuu wa Wilaya kukagua madarasa, picha nane, na bei ya pembejeo hana nguvu ya kuitafuta. Ndiyo maana sura kufanana hakunisumbui. Bibi aliyefundishwa na mjukuu wake mahali pa kupata tangazo la Mufindi, akihamia kwa mwanawe Chunya atalipata palepale. Mimi ninachodai ni kwamba akilifungua, liwe la mwezi huu.

Nimebakiwa na dakika chache, nizitumie kwa mameneja wa vituo na viongozi wa vikundi wanaofikiria kuingia katika jukwaa la pamoja. Jina la tovuti, lile wenyewe wanaliita domeni, lisajilini kwa jina la kituo, na risiti ikae kwenye faili la kituo, msimwachie kijana mmoja aliyesaidia kwa barua pepe yake binafsi. Jina likiwa lenu, siku mkihama mnalielekeza kwenye seva nyingine na wasomaji wanawafuata bila kujua kama mmehama. Likiwa ni kipande cha jina la mwenye nyumba, mnaanza upya. Mwulizeni nakala ya akiba inachukuliwa lini, na mwisho lini alijaribu kuirudisha ikafanya kazi. Nakala isiyowahi kujaribiwa msiihesabu.

Na mkiambiwa kwamba programu ina kitufe cha kutolea nakala, hivyo msiwe na wasiwasi, kibonyezeni mbele yake. Kwa WordPress kitawapa faili moja lenye habari zote, tarehe na majina ya waandishi. Fungueni ndani mtazame. Picha ya ndoo ya Isimani haimo. Imo anwani tu ya mahali picha hiyo ilipo, kwenye seva ya mwenye nyumba. Sauti ya mwenyekiti wa kijiji nayo vivyo hivyo. Siku seva ile ikizimwa, anwani hizo hazifungui kitu. Folda la picha na sauti linaombwa peke yake, kwa msimamizi mkuu, likaja kwenye diski. Liombeni kila baada ya miezi mitatu, tena mkiwa bado mnaelewana naye.